Vimeng'enya Tisa Mezani

Fundi wa majokofu aliharibu kazi ya miaka mitatu ya mpenzi wake, na aliiharibu kwa mapenzi.

Walikutana kwenye foleni ya lifti ya hospitali, fundi kabeba mtungi begani, dada wa maabara kavaa gauni la kijani chini ya koti jeupe.

“Shusha hilo bomu, kaka.”

“Bomu ni wewe, dada. Hii gesi ya friji tu.”

Namba ikatoka. Kila jioni walipigiana simu, na dada akamweleza kazi yake: bakteria anaowachunguza wana ngozi ya nje, mafuta chini, minyororo ya sukari juu.

“Ngumu hiyo, mpenzi. Hata uichemshe saa nzima, haiharibiki.”

“Kama moyo wako.”

“Mwone kwanza!”

Jumamosi moja dada alikwenda kwa mama yake. Fundi alikuja kuhudumia majokofu ya maabara, akakuta la mpenzi wake limejaa barafu. Akataka kumfurahisha. Akatoa visanduku, akavipanga mezani, akalizima, akalikwangua hadi jioni. Kitu kisichodhurika na moto kitadhurika na meza?

Visanduku vile havikuwa na ngozi. Vilikuwa na vimeng'enya tisa, protini za bakteria zinazoijenga ngozi hiyo, kila kimoja na sukari yake ya kuunga. Joto la chumba liliviua vyote. Jumapili dada alirudi, akaviona, akampigia simu.

“Jengo ni gumu, wajenzi ni laini! Mdomo wa kuuliza huna?”

“Nilisikia ulivyosema…”

“Ulisikia nusu. Usinipigie tena.”

Mwezi uliofuata dada alitakiwa aonyeshe vyote tisa vikifanya kazi, ndipo apewe uongozi wa maabara.

Fundi hakupiga. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alisimama mlangoni na ndoo ya barafu.

“Leo umekuja kuua nini?”

“Nimekuja kubeba. Wewe nionyeshe tu.”

Dada akamwonyesha kwa kidole rundo la chupa chafu. Fundi akaziosha. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, kila siku kabla ya kufungua karakana. Kimeng'enya cha nne kiligoma mara sita. Mara sita walikuza bakteria wapya wa kukitoa, wakaanza upya.

Siku cha tisa kilipofanya kazi, dada alivua glavu.

“Wewe, nioe.”

“Sasa hivi?”

“Nawa mikono kwanza.”

Iliwagharimu miezi minane na lita mia tatu za bakteria. Wateja wawili wa fundi walihamia kwingine. Uongozi wa maabara alipewa mfanyakazi mwenzake na dada, na mpaka leo huyo ndiye bosi wa dada.