Chumba cha Kuvua Viatu

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: kiti kilikuwa na joto. Koplo Paskazia alifungua chumba asubuhi, akavuta kiti, akakaa, akainuka mara moja. Kilikuwa na joto la mtu aliyetoka kukikalia. Ufunguo wa chumba kile ulikuwa mmoja tu, naye alilala nao chini ya mto. Akajiambia ni jua. Jua gani, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao, kiyoyozi kikiunguruma usiku kucha?

Chumba chenyewe kilikuwa cha kompyuta, ya kwanza kufika kituo cha polisi cha Nyamihale, upande wa Mabatini. Ilikuwa ile miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, malori ya sangara yanapishana kwenda viwandani, na majambazi wana magari mazuri kuliko polisi. Wafadhili wakaona dawa ni mashine. Majina ya wahalifu wote yaingizwe humo, ili mtu akikamatwa Usagara ijulikane papo hapo alifanya nini Geita. Wazo zuri, sikatai. Ila mashine ilifika kabla ya chumba, na chumba pekee chenye mlango wa chuma kilikuwa stoo ya vielelezo.

Mkuu wa kituo, Mrakibu Shigela, akaamuru stoo imwagwe uani. Baiskeli, magobori, nyavu haramu, vyote nje. Kulikuwa pia na chungu cheusi kilichofungwa mdomo kwa kitambaa cheupe, mali ya mganga wa Kigongo, mzee Nkwabi, aliyenyang'anywa katika kesi iliyokwisha zamani. Mzee alikuwa amekuja kukidai mara nyingi, kila mara akaambiwa asubiri. Siku ile askari mmoja alikipiga teke kikapasuka. Kwa macho, hakikuwa na kitu ndani.

Chumba kikapakwa rangi, na Shigela akaweka amri alizorudi nazo kutoka semina ya Dar. Anayeingia avue viatu, kwa sababu ya vumbi. Mashine ikizimwa ifunikwe shuka jeupe. Mtu asile humo, asipige kelele, na asiiguse yeyote ila Paskazia aliyefunzwa. Mahabusu kule nyuma walibanana wakitoka jasho. Mashine ikapulizwa ubaridi. Maaskari waliozoea kutisha watu kwa mabuti yao wakawa wananyata na soksi zilizotoboka, wakinong'ona. Ungewaona ungecheka.

Paskazia hakucheka. Baada ya kiti ikaja harufu, ya tope la ziwani na samaki aliyelala. Kisha shuka likawa linalowa. Akalianika, kesho yake likalowa tena. Akamweleza Shigela.

"Ni kiyoyozi kinavuja," Shigela akanong'ona, maana hata yeye hakuweza tena kupaza sauti mle ndani. "Usiniharibie mradi, Koplo. Wafadhili wanakuja Alhamisi."

Jioni moja umeme ukakatika, mgao wa kawaida tu, kiyoyozi kikanyamaza, na Paskazia akaanza kupapasa ukuta akitafuta mlango. Ndipo akasikia chini ya shuka vitufe vikibonyezwa, kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayejifunza, kisha kwa haraka, kisha kwa haraka ambayo hakuna vidole vya binadamu vinavyoiweza, na shuka likaanza kung'aa kwa ndani bila umeme wowote, na harufu ya tope ikamjaa kooni hata akashindwa kuita, na kupitia shuka lile lililolowa akaona maandishi ya kijani yanajipanga, jina na kosa, jina na kosa, na la mwisho lilikuwa jina la kaka yake.

Mayala Luhende. Unyang'anyi wa kutumia silaha.

Mayala alikuwa dereva wa lori la samaki. Wazazi walipokufa alikuwa ameacha shule ili Paskazia asome. Kila alichokuwa nacho binti yule, hata ile sare, kilitoka mgongoni mwa kaka yake. Jioni ile Paskazia alikuwa ametoka mbio akaacha mlango wazi, na askari wa zamu wakalisoma jina kwenye kioo; asubuhi alipofika kazini alimkuta kaka yake yuko mahabusu.

"Siku wanayoitaja nilikuwa Musoma, nimepasukiwa na gurudumu," Mayala alisema kupitia nondo, mdomo umevimba. "Wanasema mashine imenitaja. Mashine si wewe, Paskazia?"

Paskazia alikimbilia kwa Shigela, akasema hakuliingiza jina lile.

"Aliingiza nani basi? Ufunguo unao wewe." Shigela alimtazama kwa huruma kidogo. "Koplo, sisi tunafuta kesi za ndugu zetu. Mashine haina ndugu. Ndiyo sababu tumeletewa. Keshokutwa anapelekwa mahakamani, na kosa hilo halina dhamana."

Paskazia akapanda gari hadi Kigongo. Mzee Nkwabi alikuwa kibarazani, anaparua mzizi. Baada ya salamu alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: mashine mnaitunzaje? Paskazia akamweleza, viatu, shuka, ubaridi, kunong'ona. Kisu cha mzee kikasimama.

"Mwanangu," akasema chini chini, "yule wa ziwani nilimfunga kwenye chungu kwa sababu anapenda kuheshimiwa, na akiheshimiwa sana anataka watu. Ninyi mnamvulia viatu. Mnamfunika nguo nyeupe. Mnampepea. Hamli mbele yake. Mmempa na mtumishi mmoja wa kike. Mlitaka aende wapi tena?"

"Baba, tumtoeje?"

"Mdharauni. Ingieni na viatu vya matope. Tupeni lile shuka. Kuleni ugali na dagaa juu ya meza yake, mcheke, mtukanane, kila mtu akae kwenye kile kiti. Hawezi kukaa mahali asipoheshimiwa. Lakini wahini, maana keshakuchagua. Kaka yako ni kamba tu ya kukuvutia wewe."

Aliporudi alimweleza Shigela yote. Paskazia aliona woga machoni pake, na kilichomtia uchungu ni kwamba haukuwa woga wa jini.

"Matope? Kwenye mashine ya wafadhili?" akanong'ona. "Una wazimu?"

Basi akaenda peke yake, mchana kweupe, kesi ikiwa kesho. Alikanyaga matope ya bombani kwa makusudi, akabeba dagaa kwenye gazeti, akajipa moyo kwa kuimba kwa sauti koridoni huku wenzake wakimshangaa. Alipofika kizingitini mguu ukakataa. Akausukuma. Ukakataa. Akatazama chini, akaona mikono yake mwenyewe inafungua kamba za buti, taratibu, kwa adabu, naye akaanza kulia akiiambia iache, iache, na mikono ikaendelea, ikayapanga mabuti ukutani, ikaweka dagaa sakafuni nje, ikafuta machozi yake, ikafunua shuka kama mtu anayemfunua mtoto usingizini, na kiti kilikuwa na joto, na alipokikalia joto lile likampanda mgongoni hadi shingoni.

Kwenye kioo palikuwa na neno moja: UTAKAA?

Paskazia alimfikiria Mayala na ule mdomo uliovimba. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na alimpenda kaka yake kuliko alivyoogopa.

Akaandika: Mwachie. Nitakaa.

Jina likafutika. Kabla ya saa ya chai ya jioni Shigela alitangaza kwamba mashine imejisahihisha yenyewe, akasifu teknolojia, na Mayala akatolewa. Alirudishiwa mkanda wake, akauliza mdogo wake yuko wapi, akaenda hadi chumba kile. Mlango ulikuwa wazi. Paskazia aliketi wima gizani, miguu mitupu, maji yakimchuruzika vidoleni na kufanya dimbwi sakafuni.

"Paskazia. Twende nyumbani."

Alimgeukia. Alimtazama tu, akisubiri, kama mtu mzima anavyomsubiri mtoto akumbuke adabu, na macho yale yalikuwa ya uzee usiohesabika. Mayala, kaka mkubwa, aliyembeba mgongoni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu," ikajibu sauti nzito kutoka kinywani mwa dada yake. "Funga mlango unapotoka."

Mayala akaufunga.