Kipande cha Figo

Kwenye msongamano wa duka la vifaa vya ujenzi, kifuniko cha ndoo ya kijana mpaka rangi kilifunguka na rangi ya bluu ikalirukia gauni la njano la fundi cherehani.

"Dada, samahani! Nitakufulia," kijana alisema, ametoa macho.

"Rangi ya mafuta? Utafua mpaka uzeeke."

"Basi nizeekee karibu na wewe."

Watu wakaangua kicheko. Mwaka haukuisha, wakaoana.

Mimba ilipofika miezi minne, miguu ya fundi ilivimba hadi viatu vikamkataa. Daktari wa figo, mama asiye na maneno mengi, hakuwazungusha.

"Figo zinavuja protini na sijui kwa nini. Nataka kuchukua kipande kwa sindano, chembamba kama uzi. Hatari yake kubwa ni kuvuja damu. Wengi hupita salama. Wachache huongezewa damu, na mara chache sana mimba hudhurika. Tukisubiri mimba ikue, hatari inapanda. Na bila jibu, nitatibu kwa kubahatisha."

"Nichome, daktari," fundi alisema.

Mumewe alipokea karatasi ya miadi. Kesho yake akapiga simu hospitali kwa siri, akasema mkewe ameahirisha. Siku ilipofika, fundi akakuta nafasi yake kapewa mwingine. Hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa dada yake.

"Mke wangu, rudi," mume aliomba kwenye simu.

"Mke yupi? Yule unayemsemea?"

"Niliogopa, mpenzi."

"Ulimwogopea mtoto."

"Nilikuogopea wewe! Mtoto sijamwona bado. Wewe nakujua mpaka unavyokoroma."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma, mama."

Fundi akacheka huku analia. "Na mimi naogopa. Ila mwili ni wangu, usinisemee tena."

"Sirudii. Ngoja niwapigie, niombe nafasi nyingine."

"Nimeshaomba. Wewe njoo tu unishike."

Siku ya sindano, kwa sababu ya tumbo hakulazwa kifudifudi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, ameinamia mito, mumewe mbele yake, mikono ndani ya mikono. Daktari alitazama figo kwenye mashine, sindano tayari.

"Usipumue."

Sindano ikaingia, ikatoka.

"Tayari, mama. Na wewe baba, pumua, nilimwambia yeye."

Mkojo wa kwanza ulitoka mwekundu kidogo. Mume akapauka, lakini muuguzi akamtuliza: hilo hutokea, wangeangalia tu usizidi. Hadi jioni ulikuwa umetakata. Fundi alilala siku nzima kama alivyoagizwa, hakulalamika hata mara moja, na mumewe hakuchoka kumtazama.

Majibu yalipotoka, ugonjwa ulikuwa na jina, na dawa ambayo mjamzito angeweza kutumia. Mume akaketi kwenye benchi la nje, akajifuta uso kwa shati.

"Hivi wewe," akamuuliza, "uliwezaje kutotetemeka pale kwenye sindano?"

"Nilitetemeka sana, mume wangu. Wewe ulikuwa unatetemeka zaidi, ndiyo maana hukusikia."