Dawa Iliyopanda Kilima

Malori yalikuwa yameshaanza kuondoka. La kwanza lilikwisha kata kona na magodoro yake, la pili lilikuwa linanguruma, na barabara nzima ya chini ya kiwanda ilijaa vitanda, masufuria na watu wanaoitana. Kiwanda kile kilikuwa kinafua suti na mapazia kwa dawa badala ya maji, na tangi la dawa hiyo lilikuwa limevuja kimyakimya miaka na miaka. Sasa visima vya bondeni vilikuwa na sumu, na watu wa bondeni walikuwa wameambiwa wahame.

Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa amewazibia watu njia na hana habari.

"Kaka, wewe ni mtu au nguzo ya umeme?"

Aliyeuliza alikuwa msusi mwenye saluni upande wa juu wa kiwanda. Alivaa gauni la rangi ya machungwa, na kitambaa cheusi kichwani alikifunga kwa madaha hata siku ya kubeba mizigo. Mikono yake ilishika upande mmoja wa kabati la shangazi yake, aliyekuwa anahama.

"Ni mtu," kijana akasema.

"Basi shika huku."

Akashika. Njiani, huku wakihema, akamweleza kazi yake. Alikuwa anapiga hesabu za kompyuta kujua dawa ile imefika wapi chini ya ardhi, ili mafundi wajue pa kuweka pampu za kuinyonya. Alisema kati ya punje za mchanga mna vijinafasi, na vitu vitatu vinavigombea: hewa, maji na dawa. Kompyuta inaikatakata ardhi iwe vijisanduku, kisha inauliza kila kisanduku nani kaingia, nani katoka.

Msusi akacheka mpaka kabati likayumba. "Kumbe mtabiri! Haya, mtabiri, sisi wa juu tuna kisima uani. Na sisi tufungashe?"

"Msifungashe. Maji ya chini yanateremkia huku bondeni. Nyinyi mko salama."

Alisema kwa moyo mweupe, na kisima kile kilikuwa kimepimwa mara moja mwanzoni kikaonekana safi. Jioni hiyo mama yake msusi, aliyekuwa tayari kumfuata wifi yake, alifungua mabegi akarudisha nguo kabatini.

Mapenzi yakaanza hapo, kwa simu zaidi. Msusi alipiga akiwa na kichana mdomoni, mteja kamkalia mbele.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Chini ya ardhi."

"Huko kuna wanawake?"

"Kuna dawa tu, nayo haipokei simu."

"Heri yake. Ungeipigia kila saa."

Mtabiri alizoea kwenda nyumbani kwa kina msusi baada ya kazi. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha marehemu baba, akanywa maji ya kisima kwa kikombe kikubwa. Mama alimwita mwanangu. Kaka yake msusi, fundi wa matairi, alimwita shemeji kabla ya wakati na kumkopa vocha. Watu waliobaki jirani nao walichota pale pale, maana Mtabiri alikuwa amesema.

Ikafika siku aliyoahidi kuja kuzungumza na mama kuhusu ndoa. Viti viliazimwa, pazia likabadilishwa, msusi akajisuka mwenyewe kwa kutumia vioo viwili.

Mchana wa siku hiyo wachimbaji walikuwa wanatoboa shimo jipya upande wa juu. Mashimo yote ya zamani yalikuwa ya bondeni. Huko chini kabisa kuna udongo wa mfinyanzi, mgumu, usiopitisha kitu, na Mtabiri alikuwa ameuchora kana kwamba unainama sawa na kilima, kwa sababu bondeni ulikuwa hivyo. Upande wa juu hakuwa na shimo hata moja. Alivuta mstari tu. Shimo jipya likamwonyesha mfinyanzi uko chini sana kuliko mchoro wake, na udongo uliotolewa ulikuwa na harufu tamu ya nguo zilizotoka kiwandani.

Akafahamu palepale. Maji yalikuwa yanateremkia bondeni kama alivyosema. Lakini dawa ile ni nzito kuliko maji, inazama mpaka kwenye mfinyanzi, kisha inateleza kufuata mgongo wake. Na mgongo huo uliinamia saluni.

Hakwenda kwenye maongezi. Alikaa mbele ya kompyuta akirudia hesabu, akiomba ikatae. Simu iliita, akaona jina, akaiacha. Alitaka kwanza awe na hakika. Ikaita tena na tena, halafu ikanyamaza.

Asubuhi kompyuta ilikuwa haijakataa. Mkuu wa mradi alimwambia watapima maji, majibu yatatoka baada ya wiki, na mpaka hapo mtu asifungue mdomo. Watu hawashtuliwi kwa picha za kwenye kioo cha kompyuta, alisema. Mtabiri akatoka nje akampigia msusi. Alikuwa amefungiwa namba. Akaazima simu ya mlinzi. Msusi alipoisikia sauti yake akakata. Akatuma ujumbe, msinywe maji, na huko saluni ujumbe ulisomwa kwa sauti, wateja wakavunjika mbavu: mwanaume kakimbia posa, sasa anasingizia maji.

Akaenda saluni mwenyewe. Akafungiwa mlango.

Basi akapita nyuma mpaka uani, akazima swichi ya pampu, akang'oa nyaya zake na kuzisokota mkononi. Mama alimkuta hapo, ndoo kiunoni.

"Mwanangu, kama humtaki binti yangu, sema humtaki. Usinivunjie pampu."

"Mama, maji haya yana sumu."

"Yale yale uliyosema ni salama?"

"Yale yale."

Kaka mtu alishamkaba shati, kifungo kimoja kikaruka. Mtabiri hakujitetea, alishikilia nyaya tu, machozi yanamtiririka. Msusi akaja mbio kutoka saluni, mikono ina mafuta, nywele alizozisuka kwa ajili ya jana bado nzuri. Akamtazama usoni kwa muda, akamwambia kaka yake amwachie.

"Umejua lini?"

"Jana mchana."

"Na simu zangu?"

"Nilikuwa narudia hesabu. Nilitaka nikosee."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Jana mama alipika chai ya wageni kwa maji haya," msusi akasema taratibu. "Wageni hawakuja. Tukainywa sisi."

Mama aliweka ndoo chini, akakalia kizingiti.

Walipelekwa hospitali kupimwa damu, na Mtabiri pamoja nao, maana naye alikuwa amekunywa mwaka mzima. Walikaa benchi moja, kila mmoja na pamba yake mkononi. Msusi akaegemeza kichwa begani kwake.

"Ulikunywa na sisi," alisema. "Hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa mwongo ningekuchukia nikapumzika."

"Nioe, hata leo," akasema Mtabiri, maneno yamemgeuka mdomoni.

Msusi alitabasamu kidogo. "Nikuoe mimi? Na mahari nitoe wapi?" Kisha akatazama mlango alimoingizwa mama yake. "Nakupenda, mpenzi wangu. Lakini siku moja tutapata mtoto, atakuwa na homa, utaniambia ni homa tu, atapona. Nami nitakaa pale nakutazama. Sitaweza."

Mtabiri alimshika mkono mpaka mama alipotoka.

Majibu ya maji yalikuja: kisima kilikuwa na dawa. Watu wa upande wa juu wakahamishwa wote. Pampu zilisogezwa kufuata mchoro mpya, na dawa nyingi ilitolewa. Nyingine bado imo kwenye mfinyanzi. Mama aliishi kidogo katika nyumba ya kupanga mji mwingine, figo zikashindwa, akafa. Daktari alisema hawezi kuapa kuwa ni maji. Kaka mtu anaziba matairi huko huko. Mkuu wa mradi alistaafu. Msusi alifungua saluni ndogo, akaolewa na mwalimu, ana watoto wawili. Mtabiri alikuja kwenye mazishi ya mama, akasimama nyuma, akaondoka. Anafanya kazi ile ile. Hajaoa.