Taulo Nyeupe za Bonde la Tuggle

Sisi watu wa bonde la Tuggle, huku kwenye milima ya Kentucky, hatusemi uongo kamwe. Ukweli tunaupanga tu vizuri mezani kabla mgeni hajaingia.

Tessa Sizemore alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi, alishuka na madumu mawili kwenda kuchota maji kwenye chemchemi iliyo chini ya mwamba, kando ya barabara. Siyo kwamba nyumbani kwao hapakuwa na bomba. Lilikuwepo, na lilifanya kazi kuliko wajomba zake wote. Ila tangu mgodi wa makaa ya mawe wa kule juu ufungwe, visima vyote vya bonde, ndivyo vinavyolisha mabomba ya majumbani, vilitoa maji ya rangi ya kutu, yakinuka yai viza. Shati jeupe likifuliwa humo lilitoka la rangi ya chungwa. Odie, mdogo wake Tessa, alikuwa akiogeshwa maji hayo, na mwili mzima ulimjaa vipele. Alijikuna mpaka akatoka damu.

Aliyeapa kuyamaliza haya ni Dada Imogene Fugate. Dada siyo kwa udogo. Kanisani kwetu kila mwanamke ni dada hata akiwa na vitukuu. Alikuwa mjane, dereva mstaafu wa basi la shule, na shingoni alining'iniza kamera kubwa kama kengele ya ng'ombe. Alipenda kusema kwamba Hajiri alipolia jangwani, mwanawe akifa kwa kiu, Mungu alimwona. "Mungu anaona," alisema. "Kazi yangu mimi ni kuwafanya na madiwani waone."

Mwezi huo baraza la kaunti lilikuwa liamue kama mabomba ya maji safi ya mjini yafikishwe Tuggle au la, na hakuna diwani aliyewahi kukanyaga huku. Kwa hiyo Dada Imogene aliomba kupiga picha majumbani.

Bonde likafagiliwa, likasuguliwa. Zamani walikuja wageni na kamera zao, wakapiga picha za wazee wasio na meno na watoto pekupeku, wakaondoka nazo. Bibi Orpha, bibi yake Tessa, hakuwa amesahau. "Safari hii watatukuta na meno," alisema, akitandika kitambaa cha mezani. Keki moja ya tufaha ilipita nyumba hadi nyumba, ikipigwa picha kila ilipotua, na ole wake ambaye angeigusa. Kwenye meza ya Bibi Orpha ikawekwa pamoja na jagi la maji maangavu kabisa.

Dada Imogene aliliangalia lile jagi. "Maji haya yametoka wapi, Tessa?"

Tessa alimtazama bibi yake. Bibi alikuwa akitazama dari.

"Bombani," Tessa akasema.

Dada Imogene akapiga picha, asiongeze neno.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, alileta habari. "Bwana Pruitt, yule diwani, kaziona picha akacheka. Kasema watu wenye keki na maji mazuri kuliko yake wanataka mabomba ya nini? Alhamisi atapinga, na wenzake watamfuata."

Watu wakainamisha vichwa. Odie alikuwa mapajani mwa mama yake, akijikuna. Tessa akamvuta Dada Imogene pembeni.

"Nilikudanganya. Yale maji niliyabeba mwenyewe kutoka chemchemi."

"Najua, mwanangu. Nimeoga maji ya kutu miaka na miaka."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Siwezi kuingia jikoni kwa mtu nikamvua nguo. Anayepigwa picha ndiye anayetoa ruhusa, siyo mimi."

Jumapili hiyo ilikuwa siku ya kutawadhana. Mara moja kwa mwaka waumini hujifunga taulo nyeupe kiunoni, wakaoshana miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Maji ya ibada hiyo hutoka chemchemini siku zote, na mbebaji alikuwa Tessa. Madumu yalikuwa tayari mlangoni. Tessa aliyasogeza kando kwa mguu.

"Bibi, leo tuchote bombani."

"Una wazimu, wewe? Mbele ya kamera? Tutaonekana wachafu."

"Uchafu siyo wetu, Bibi. Tumeletewa. Sisi tunauficha tu, na Odie anaumia."

Ndani, wimbo wa kwanza uliisha, wa pili ukaanza. Kisha Bibi Orpha akaokota beseni, akaenda kwenye bomba la kanisa, akalifungua mwenyewe.

"Imogene, andaa kamera yako," alisema. "Lakini ukinipiga mdomo wazi, nakumwagia."

Magoti yake ni mabovu, lakini alipiga magoti. Alimwosha mama yake Tessa miguu, akaikausha, na taulo ikabadilika rangi mbele ya macho ya watu wote. Mwenzake akafuata, na mwingine. Waliimba huku wakilia. Dada Imogene hakupiga picha ya uso hata mmoja. Alipiga mikono, beseni, na mwishowe zile taulo, zimeanikwa kwenye kamba nyuma ya kanisa, zimeiva kama maboga.

Alhamisi picha zilitundikwa katika ukumbi wa baraza, na watu wa Tuggle wakaujaza, watoto kwa wazee. Bwana Pruitt alisimama mbele ya ile ya taulo.

"Hizi za gereji gani?" aliuliza.

"Za kanisani, bwana," Tessa akajibu. "Za kutawadhana. Zilikuwa nyeupe asubuhi ile."

Bwana Pruitt naye ni muumini, na taulo yake ya kutawadhana mkewe humpigia pasi. Alivua kofia. Mwenyekiti alipoitisha kura, mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wake, na mingine yote ikafuata. Mabomba yamepita! Watu wa Tuggle walipiga miguu sakafuni mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka, na Odie akarushwa juu kama mpira.

Kwenye ngazi za nje Bibi Orpha aliwakusanya watoto.

"Mmeona? Mficha maradhi kifo humuumbua. Umaskini siyo aibu. Aibu ni kuupaka rangi ili usionekane. Tessa alikosea, akasema, na kusema kwake ndiko kumetupa maji. Kuanzia leo mtu akikuuliza jambo, mpe ukweli, hata kama unakuchoma ulimi."

Kijana wa gazeti akamsogelea na kalamu. "Bibi, niandike chini ya picha, una umri gani?"

"Sitini na mbili."

Dada Imogene alishusha kamera. "Orpha, tulianza darasa la kwanza siku moja, dawati moja. Mwezi ujao mimi natimiza sabini na tisa."

Kalamu ikasimama. Watoto wote wakamgeukia Bibi Orpha, naye akafungua mkoba wake, akaanza kutafuta kitu ndani, na akakitafuta kwa muda mrefu sana.