Vidole Vitano vya Fundi Chuma

Nyumbani kwa Fundi Chuma hakuna aliyewahi kuumwa. Ndivyo ungedhani ukimsikiliza mwenyewe. Ukimkuta na homa ya kutikisa kitanda, ukamuuliza habari, atakwambia, "Nzuri tu." Ukimkuta amejigonga kidole kwa nyundo na damu inachuruzika, atakwambia, "Safi kabisa, karibu." Kazi yake ilikuwa kuezeka mabati. Mafundi wenzake ndio waliompa jina la Chuma, naye alilipenda kupita kiasi.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Alikuwa amezoea kumsoma mumewe usoni, kwa sababu mdomoni hakuna alichokipata. Chuma akila kidogo, ana jambo. Akiacha kupiga mluzi, ana jambo kubwa.

Jumatatu moja asubuhi Chuma aliteleza kwenye paa la ghala, akaanguka. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Hospitalini walimpiga picha, wakaunyoosha mfupa, kisha wakaufunga mguu plasta ngumu. Vidole tu ndivyo vilivyobaki nje. Akalazwa wodi ya wanaume, kitanda namba kumi na saba.

Wodi ile ilikuwa na vitanda thelathini na sita, na vyote vilikuwa na watu. Wauguzi wa zamu walikuwa wawili. Jumanne asubuhi Mama Cherehani alikaa kando ya mumewe akimwangalia mmoja wao. Nesi alibadilisha dripu, akasafisha kidonda, akagawa dawa, akaandika kwenye faili, akapokea simu. Katikati ya hayo yote akamwelekeza mtu njia ya choo. Hakukaa hata kidogo. Mama Cherehani alimwonea huruma, akajiapiza kwamba yeye hatamsumbua. Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikaribia kumpotezea mumewe mguu.

Nesi yule alipofika kitanda cha kumi na saba alimuuliza Chuma ameamkaje.

"Salama, sista."

"Na maumivu?"

"Ya kawaida tu."

Nesi akampa vidonge. Alitaka kumtazama zaidi, lakini mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anang'oa mpira wa dripu mkononi, akamkimbilia.

Mama Cherehani aligusa vidole vya mumewe. Vilikuwa baridi. Akasema moyoni kwamba wodi hii ina upepo mwingi. Akatoa soksi ya sufi kwenye mkoba, akamvalisha taratibu. Chuma alishika chuma cha kitanda kwa nguvu zote.

"Nimekuumiza?"

"Hapana, mama watoto."

Hadi adhuhuri Chuma hakugusa chakula. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Hakupiga mluzi hata mara moja. Mkewe aliona, akaingiwa na hofu. Hata hivyo alijituliza. Mfupa uliovunjika lazima uume, alijiambia, na sista ana watu thelathini na sita.

Saa nane mchana zamu zilibadilika. Mama Cherehani alianza kukusanya vikombe ili atoke nje. Aliamini kwamba wauguzi wakipokezana kazi, mazungumzo ni yao wenyewe. Nesi wa mchana, mwanamke mfupi mwenye miwani, akamzuia.

"Mama, usiondoke," alisema. "Tunayozungumza ni habari za mgonjwa wako. Na wewe una lako la kusema."

Zamani wauguzi wa wodi ile walikuwa wakipokezana zamu mezani. Mmoja alisoma daftari na mwingine alisikiliza. Siku hizi walikuwa wameanza utaratibu mwingine. Walipita kitanda hadi kitanda, mgonjwa akiwasikia na ndugu yake akiwepo. Nesi wa asubuhi alieleza kwamba huyu amevunjika mguu, amefungwa plasta jana, amepewa dawa ya maumivu mara mbili, na anasema maumivu ni ya kawaida.

Nesi mwenye miwani akamgeukia Chuma. "Habari za mguu, baba?"

"Nzuri."

"Hiyo ni salamu, nimeipokea. Sasa nataka taarifa. Tuseme sifuri ni kutoumwa kabisa. Kumi ni maumivu makali kuliko yote uliyowahi kuyapata. Wewe uko kwenye ngapi?"

Chuma akaangalia dari. "Tatu."

Mama Cherehani aliviweka vikombe chini. Kwa miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kumkanusha mumewe mbele za watu. Leo aliona asiponyamazisha aibu yake, atajuta maisha yake yote.

"Sista, si kweli," alisema. "Nisamehe, baba watoto, lakini husemi kweli. Hajalala. Hajala tangu jana. Nilipomvalisha soksi aling'ang'ania kitanda kama mtu anayezama."

"Soksi?" aliuliza nesi.

Akafunua shuka, akaivua soksi. Vidole vilikuwa vimevimba na vimepauka. Nesi akabonyeza ukucha wa kidole gumba, akausubiri urudie rangi yake. Ulichelewa kurudi. Kisha akamwambia Chuma afumbe macho.

"Nagusa kidole kipi?"

Chuma alisubiri kidogo. "Kwani umeshagusa?"

Nesi akakinyoosha kidole gumba kuelekea juu, polepole. Chuma, ambaye hakulia hata alipoanguka kutoka paani, alitoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

"Tisa," akasema akihema. "Tisa, sista. Tangu alfajiri."

Kuanzia hapo hakuna aliyepoteza muda. Nesi wa asubuhi, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, alikwenda mbio kumwita daktari. Mwenye miwani hakubanduka. Aliondoa mto uliokuwa chini ya mguu, akaulaza mguu usawa na kitanda, akamwambia Mama Cherehani ashike mkono wa mumewe. Daktari alifika na mashine ya kukatia plasta. Aliipasua plasta yote kutoka juu hadi chini, pamoja na pamba na bandeji za ndani, mpaka ngozi ikaonekana.

Wakasubiri. Mama Cherehani alikodolea macho vidole vile, akiomba Mungu kimoyomoyo. Dakika zilipita. Kidole gumba kikaanza kurudia rangi yake. Kikafuata cha pili. Nesi akakigusa.

"Nasikia," alisema Chuma. "Huyo ni mtu ananigusa. Nasikia."

Daktari aliwaeleza kwamba mguu ulikuwa umevimba ndani ya plasta. Plasta haitanuki, kwa hiyo damu ilikuwa inakosa njia. Kama kuipasua kusingesaidia, Chuma angepelekwa chumba cha upasuaji saa ileile. Na kama wangechelewa, nyama za mguu zingekufa.

"Tumewahi," daktari alisema. "Mshukuruni aliyesema."

Mama Cherehani alilia waziwazi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, kisha akamshika nesi mikono yote miwili asitake kuiachia.

Baadaye mchana uleule wauguzi wawili walirudi pale kitandani. Yule wa asubuhi alikuwa bado hajaenda nyumbani. Aliomba radhi. Alisema alipokea neno la mgonjwa bila kutazama vidole, na kwamba hatarudia.

"Kosa ni langu," alisema Mama Cherehani. "Mimi ndiye niliyevificha kwa soksi. Na niliona mwenzangu wa miaka ishirini hayuko sawa, nikawaonea huruma. Mnakimbia sana."

Nesi mwenye miwani akacheka kwa uchovu. "Huruma yako tunaishukuru, mama. Ni kweli tuko wachache. Wenzetu wengine wameenda kufanya kazi nchi za mbali, wengine wamechoka wameacha. Wagonjwa nao wanaongezeka. Lakini kwa sababu tuko wachache, ndiyo tunahitaji macho yako zaidi. Mimi namwona mumeo dakika tano. Wewe umemwona miaka ishirini."

Kisha akamfundisha. Mtu aliyefungwa plasta, vidole vyake vibaki wazi. Vitazamwe rangi, viguswe kama vina joto, na mgonjwa ajaribu kuvichezesha. Vikiwa baridi, vikipauka au kuwa vya bluu, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi ingawa amemeza dawa, muuguzi aitwe papo hapo. Kama yuko nyumbani, arudi hospitali mara moja, asingoje kesho. Na asijaribu kuikata plasta mwenyewe.

"Hata kama unahangaika na mtu mwingine?" aliuliza Mama Cherehani.

"Hata kama nahangaika na watatu. Niite. Kukuitikia ni sehemu ya kazi yangu."

Chuma naye alikuwa na somo lake. Mwanzoni kutaja namba kulimshinda. Alikuwa akisema "nne" kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri wizi. Wagonjwa wenzake walimtania wakisema Chuma cha Pua kimeyeyuka. Lakini waliona kwamba akitaja namba anapata dawa kwa wakati, analala, na asubuhi anakula. Baada ya siku mbili, wodi nzima ilikuwa inataja namba. Mama Cherehani alipomwona mke wa mgonjwa wa kitanda jirani akifungasha vikombe wakati wa kubadilisha zamu, alimvuta mkono akamwambia abaki.

Siku ya tisa Chuma alirudi nyumbani na plasta mpya. Ilipofunguliwa, akaanza mazoezi, kwanza kwa magongo, kisha kwa fimbo, kisha kwa miguu yake mwenyewe. Siku aliyopanda tena ngazi ya kazini, mkewe alifunga cherehani mapema akamwambia wana safari.

Walimkuta nesi mwenye miwani kwenye korido, amekumbatia mafaili. Mama Cherehani alikuwa ameandaa maneno mengi tangu nyumbani. Nesi aliwasalimu kwa tabasamu la adabu, lile la mtu anayetafuta jina asilipate. Wagonjwa wengi walikuwa wamepita mikononi mwake tangu siku ile.

"Nisameheni," alisema. "Sura zimenipotea."

Chuma akainama, akavua kiatu cha kulia. Akasimama kwa mguu wazi kwenye sakafu, akavichezesha vidole vyote vitano.

Nesi akatazama chini. Aliweka mafaili kwenye benchi, akavua miwani akaifuta.

"Kumi na saba," alisema polepole. "Kitanda cha kumi na saba."

Maneno yote aliyoyaandaa Mama Cherehani yalimkimbia. Likabaki moja tu, akalisema.

"Asante."