Mchumba Asiyenukia

Watu walikuwa wakisukumana kwenye lango la jengo la maduka, mwanamke mmoja alipopita mbele ya meza ya muuza manukato ameziba pua kwa mtandio wake wa samawati.

"Dada, manukato yangu yamekukosea nini?"

"Hayajanikosea, kaka. Nawahi kazini."

"Kazi gani hiyo ya kukimbia harufu nzuri?"

"Wewe uza tu," alisema, lakini alicheka. Kesho yake alipita tena, polepole.

Wakapendana. Mwanamke alimbandika muuza manukato jina la Uturi, naye Uturi alijua tu kwamba mpenzi wake yuko maabara ya hospitali. Uturi alimpa chupa ya manukato aliyoyachanganya kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwahi kusikia harufu yake mwilini mwa mpenzi wake.

Siku moja Uturi akamfuata kazini, shati la kitani limepigwa pasi, ananukia tangu ngazini. Mpenzi wake akarudi nyuma mbele ya wenzake.

"Usinisogelee, tafadhali. Nisubiri nje."

Uturi hakusubiri, wala hakupokea simu za mpenzi wake. Alipopokea hatimaye, alisema, "Unanionea haya."

"Sikuonei haya, mpenzi. Niliogopa utadhani naidharau kazi yako, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu. Njoo kesho. Uoge vizuri, usijipake chochote."

Alikwenda. Katika chumba cha mafunzo, mpenzi wake alimwonyesha kwenye skrini video ya kazi yake: yai la mwanamke, mviringo kama mwezi, na kando yake sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele.

"Mbegu ya mume ikiwa dhaifu, haiwezi kuingia yenyewe ndani ya yai. Natafuta moja iliyo nzima, naivuta kwa sindano, naiingiza taratibu."

"Moja tu?"

"Moja inatosha. Lakini yai likishatungishwa hukaa maabara siku kadhaa, na halivumilii mvuke wa manukato. Kuna watu wamesubiri mtoto miaka, Uturi. Siwezi kuingia na harufu yako mwilini."

Uturi alitazama ile sindano ikiingia bila kutetereka.

"Mkono huo ni wako?"

"Wangu."

Uturi akanusa kiganja chake. "Sasa mimi nisiponukia, nitakuwa nani?"

"Utakuwa mume wa mtu, ukikubali."

"Nimekubali hata kabla hujamaliza."

Uturi alipotoka nje tu, alimpigia simu mama yake.

"Mama, nimepata mchumba."

"Hongera, mwanangu. Na wewe na pua yako hiyo, bila shaka ananukia vizuri."

"Hanukii chochote, Mama," alijibu, kifua mbele, kwa sauti ya kusikiwa na barabara nzima.