Matanga ya Baba Yake Twaiba

Kila alasiri, alipotoka chuoni kusoma Kurani, Twaiba alikimbilia kwa Mwalimu Matano. Mwalimu huyo alikuwa amepiga gitaa miaka mingi katika hoteli za Diani. Sasa alikodi duka lililofungwa hapo Ukunda, akawafundisha watoto kupiga muziki wa roki. Ngoma zilivuma, magitaa ya umeme yakakwaruza, majirani wakasema wamechoka. Watoto hawakuchoka.

Siku moja akaja Bi Cynthia kutoka Nairobi na kamera yake. Alikuwa akitengeneza filamu ya maisha halisi ya shule hiyo, na alitafuta mtoto mmoja wa kumfuata tangu mwanzo hadi mwisho. Basi hata wavivu wa kuoga wakaanza kunukia sabuni.

Twaiba aliwashinda wote kwa gitaa, lakini alijiona hana la kusimulia. Swabir, mpiga ngoma, alikuwa yatima aliyelelewa na bibi yake. Twaiba alikuwa na mama, na baba pia, Mzee Abdurahman, mkwezi wa minazi aliyeangua madafu ya hotelini. Na watoto wa Diani hukua wakiwaona vijana wa ufuoni: anayemsimulia mgeni shida kubwa zaidi ndiye anayesikilizwa. Zamu yake ilipofika mbele ya kamera, Twaiba aliinamisha kichwa.

"Baba yangu alianguka mnazini akafa," alisema. "Ninapiga gitaa ili nisilie."

Bi Cynthia alifuta machozi. "Pole sana. Aki hiyo stori ni nzito. Ni wewe nitakufuata."

Jioni ile Twaiba alikula wali sinia moja na marehemu wake, wala hakupaliwa.

Bi Cynthia alituma kipande kifupi mtandaoni kuitangaza filamu. Kikapita simu hadi simu mpaka Lunga Lunga, kwa shangazi Mbeyu, dada yake Mzee Abdurahman. Na kwao mtu hapigi simu kuuliza kama msiba ni wa kweli. Huo ni utovu wa adabu, msiba huendewa. Shangazi alikusanya wanawake, unga, mchele na mikeka, wakaja wakilia tangu barabarani.

Mzee Abdurahman alitoka uani na kikoi chake, povu la sabuni likiwa bado masikioni.

"Nani amefariki?" aliuliza.

Mkeka ulimponyoka shangazi Mbeyu. "Wewe, kaka yangu."

Wapo waliocheka mpaka wakashika mbavu. Kisha simu ikatolewa, sauti ya Twaiba ikasikika, na kicheko kikakatika. Baba hakugomba. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba aisikie tena.

Asubuhi alikwenda kazini, akarudi mikono mitupu. Alikuwa amefika katikati ya mnazi, miguu ikaanza kutetemeka, akashuka. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Halafu hakwenda tena, akawa anashinda barazani akitazama chini. Watu wa hoteli wakatafuta mkwezi mwingine, na nyumba ya mkwezi ikala muhogo usio na tui.

"Nisamehe, baba," Twaiba alimwomba kila siku.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini miguu yangu haijasikia. Kila nikishika shina, naisikia sauti yako ikisema nimeanguka."

Twaiba alikata tamaa. Hakuligusa gitaa, wala hakwenda shuleni kwa Mwalimu Matano, mpaka mwalimu mwenyewe alipomfuata nyumbani.

"Msamaha umeuomba barazani," mwalimu alimwambia, "na uongo uliusema mbele ya watu. Ufuate ulikokwenda."

Bi Cynthia aliitwa, akaja. Alimwamkia Mzee Abdurahman shikamoo kwa sauti ndogo, akaiweka kamera mbele yao. Twaiba alikaa ubavuni mwa baba yake.

"Huyu ni baba yangu, yu hai," alisema. "Nilimwua kwa mdomo ili nichaguliwe."

"Na mimi nina makosa," Bi Cynthia alikiri. "Ningekuja hapa kwanza kuuliza." Alikifuta kipande cha uongo, akatuma cha kweli. Filamu ikamfuata Swabir, na Twaiba akaonekana nyuma tu, akipiga gitaa.

Lakini ukweli haukukimbia kama ulivyokimbia uongo. Mpaka leo wako watu sokoni wanaompa mama yake Twaiba pole ya kufiwa na mume.

Baba alipata kazi ya kufua nazi, kuzitoa makumbi, kwa mfanyabiashara mmoja, chungu kikarudi na tui. Baadaye akajaribu kuukwea mnazi mfupi nyuma ya nyumba. Alikwea polepole, akashuka na dafu moja, jasho likimtiririka. Twaiba alilipokea.

"Ile mirefu utaikwea tena, baba?"

"Sijui. Huenda nisiikwee." Alikaa chini, akavuta pumzi. "Nazi nikiiangusha vibaya, nitashuka niiokote. Neno likishaanguka haliokoteki lote, hata ukitubu. Mtu akikuuliza habari zako, mpe zilizopo. Kuwa na baba aliye hai ni habari, mwanangu, hata kama haimlizi mtu."